MAZIWA YA NGAMIA: DAWA, CHAKULA AU ULAJI WA WAJANJA?

Ndugu msomaji, mzee mmoja jirani yangu wa Charambe, kule Mbagala, nusura tumzike. Hakugongwa na bodaboda wala hakuvamiwa na panya road. Aliponzwa na chupa ya maziwa.

Mzee huyu, ambaye jina lake nalihifadhi, ni dereva mstaafu wa mabasi. Wakubwa wenzangu wanaokumbuka zile Ikarus kumbakumba watamwelewa ni mtu wa enzi gani. Ana kisukari kwa miaka kumi na miwili sasa, na kila siku hujichoma sindano asubuhi na jioni. Pensheni yake mnaijua ilivyo. Siku dawa ikikosekana zahanati, anaelekezwa duka la dawa akanunue mwenyewe, na duka la dawa halikopeshi.

Ijumaa moja baada ya swala, akapita kijana mtanashati na begi lake mgongoni. Ndani ya begi chupa za nusu lita, kila moja ina karatasi yenye picha ya ngamia kasimama chini ya mtende. Kijana akaamkia "Shikamoo mzee wangu", akaketi barazani, akaanza somo. Eti haya ni maziwa ya ngamia yatokayo Uarabuni. Eti ndani yake mna sindano ya asili iliyowekwa na Mwenyezi Mungu. Eti ukinywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, zile sindano za hospitali unazitupa jalalani. Bei shilingi 15,000 kwa chupa.

Mzee akanunua. Akanunua tena. Wiki ya tatu akauza redio, akanunua mara ya mwisho. Sindano akaziweka kabatini. Usiku mmoja tukaitwa na kilio cha mkewe, tukamkuta mzee kalala hajitambui, anahema kama aliyekimbizwa. Tukampakia kwenye bajaji. Mungu si Athumani, madaktari wakamrudisha, lakini kidole kimoja cha mguu kilichokuwa na kidonda kikabaki hospitali.

Nilipokwenda kumjulia hali nilitaka kumlaumu. Akanitangulia kwa neno moja tu: "Mwanangu, nilichoka kuchomwa."

Basi nikanyamaza. Nani atamlaumu mtu aliyechoka kuchomwa? Lakini wale waliomuuzia uongo, na wale ambao kazi yao ni kuhakikisha uongo hauuzwi kwa chupa, hao hatuwezi kuwanyamazia. Ndiyo maana leo naandika juu ya ngamia, mnyama ambaye wengi wetu huku Temeke na Kinondoni tunamfahamu kwa picha tu.

NINI KIMO NDANI YA MAZIWA HAYO?

Tusidanganyane kwa upande wowote. Maziwa ya ngamia si uzushi. Ni chakula halisi, kizuri, na kimelisha watu kwa maelfu ya miaka. Wasomali, Waborana, Warendile, Waturkana na Waafar wamekulia humo. Kuna nyakati za kiangazi ambapo mchungaji wa ngamia hushinda na kulala bila chakula kingine chochote isipokuwa maziwa hayo, na asubuhi anatembea maili kibao.

Wataalamu wanatuambia yana vitamini C mara kadhaa kuliko ya ng'ombe, jambo la maana sana kwa mtu aishiye jangwani pasipo chungwa wala mchicha. Wanatuambia pia hayana ile protini iitwayo beta-laktoglobulini iliyomo katika maziwa ya ng'ombe, na ndiyo sababu baadhi ya watoto wanaodhurika na protini za maziwa ya ng'ombe huyavumilia ya ngamia. Sikiliza hapo, nimesema baadhi, na kwa uangalizi wa daktari. Mama wa Tegeta ambaye mwanawe anatapika kila akipewa maziwa asikimbilie chupa ya mitaani kwa sababu shoga yake kamwambia. Na mtoto mchanga maziwa yake ni ya mama. Si ya ng'ombe, si ya ngamia, si ya mbuzi.

Kuna kundi lingine, nalo ni kubwa: wale ambao wakinywa maziwa tumbo linaunguruma kama daladala bovu. Hao tatizo lao ni sukari ya maziwa, laktosi, ambayo tumbo la mtu mzima mara nyingi haliimudu, hasa sisi ambao mababu zetu hawakuwa wafugaji. Sasa wajanja wanawaambia wahamie kwenye ngamia. Uongo! Maziwa ya ngamia nayo yana laktosi, inakaribiana na ile ya ng'ombe. Mtu wa namna hii dawa yake iko palepale gengeni: mtindi. Maziwa yakigandishwa vizuri sehemu ya ile sukari huliwa na vijidudu vinavyoyagandisha, na tumbo hutulia. Bibi zetu walijua hilo bila maabara.

Tuje kwenye kisukari. Hapa ndipo uongo ulipojificha nyuma ya ukweli. Ni kweli kwamba watafiti wa Bikaner, mji ulioko katika jimbo kame la Rajasthan huko India, waliwapa wagonjwa wa kisukari nusu lita ya maziwa ya ngamia kwa siku, na wakaona kiasi cha insulini walichohitaji kimepungua. Lakini wale wagonjwa walikuwa wakiendelea kuchomwa insulini! Walikuwa mikononi mwa madaktari, wanapimwa damu, na dozi inapunguzwa na mtaalamu hatua kwa hatua. Hakuna aliyeambiwa atupe sindano jalalani. Na utafiti wenyewe ulihusu watu wachache, si wa kujengea tiba ya taifa.

Kwa hiyo muuzaji anachukua nusu ya habari, anaiacha nusu nyingine Bikaner, anakuja nayo Charambe kwa shilingi 15,000. Huo ndio ulaji ninaousema.

Na kuna jingine ambalo kijana yule hakulisema barazani. Maziwa ya ngamia, kama ya mnyama mwingine yeyote, yasipochemshwa yanabeba maradhi. Brusela, ule ugonjwa unaotupisha mimba mifugo, humpata binadamu kwa maziwa mabichi na kumtesa kwa homa ya miezi. Tena tangu mwaka 2012 dunia imejua ugonjwa wa mapafu uitwao MERS, ulioanzia kugundulika Saudi Arabia, na ngamia ndiye anayehusishwa nao. Shirika la Afya Duniani limeonya watu wasinywe maziwa mabichi ya ngamia. Kijana yeye alisema yasichemshwe, eti moto unaua dawa!

Nami nilinunua chupa moja nikaionja. Sina maabara, kwa hiyo sitasema ilikuwa na nini. Nasema tu kwamba kwenye karatasi yake hapakuwa na jina la kiwanda, hapakuwa na tarehe ya kutengenezwa, hapakuwa na nembo ya ukaguzi. Palikuwa na ngamia na mtende. Na kwa fedha ile ningepata lita kadhaa za maziwa ya ng'ombe, nikabakiwa na chenji ya vitumbua.

Kuhusu dini iliyotumika kumlainisha mzee wetu, naomba nisieleweke vibaya. Dini haina kosa. Kosa ni la anayeifanya dini kuwa kibandiko cha chupa.

WENZETU WA ISIOLO

Sasa tuwaone wanaoifanya kazi hii kwa uhalali.

Jirani zetu Kenya walipohesabu watu na mifugo mwaka 2009 walikuta ngamia karibu milioni 3. Walipohesabu tena mwaka 2019 wakakuta milioni 4.6. Kwa nini waongezeke wakati ng'ombe wanakufa na ukame? Kwa sababu wafugaji wa kaskazini wana akili. Waliona kwamba mvua ikikosekana ng'ombe hukauka maziwa kwanza, kisha hufa. Ngamia anaendelea kukamuliwa. Anakaa siku nyingi bila kuonja maji. Hagombei nyasi na ng'ombe na kondoo, yeye anakula majani ya juu, miiba ya migunga na vichaka. Akizaa hukamuliwa mwaka mzima na zaidi.

Kutoka mji wa Isiolo, kila siku maziwa hayo husafiri kwa basi kwenda Nairobi, mtaa wa Eastleigh, mwendo wa karibu kilomita 300. Na wanaoendesha biashara hiyo ni akina mama, wengi wao Wasomali. Ndio wanaokusanya kutoka kwa wachungaji, ndio wanaoonja lipi limechacha, ndio wanaopakia madumu, na mwenzao yuko Eastleigh anapokea. Wakaunda ushirika wao uitwao Anolei, wakapata mitambo ya kupoozea. Yaliyochacha njiani hayamwagwi, yanauzwa kama maziwa ya mgando, ambayo wenyewe huyaita susa. Hakuna anayewaambia wateja watupe sindano. Wanauza chakula kwa watu wanaokijua.

Nenda magharibi, kule Mauritania. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanamke mmoja, Nancy Abeiderrahmane, alianzisha mjini Nouakchott kiwanda cha kuchemsha na kufunga maziwa ya ngamia, kikaja kujulikana kwa jina la Tiviski. Nchi ile ilikuwa ina ngamia tele, lakini mjini watu wanakunywa maziwa ya makopo kutoka Ulaya. Je, habari hiyo haikukumbushi nchi fulani? Mama yule akawa ananunua kwa wachungaji wa kuhamahama, akiwalipa wao badala ya kumlipa mzungu. Akatengeneza hata jibini, kazi ngumu kwa sababu maziwa ya ngamia hayagandi upesi kama ya ng'ombe. Alipotaka kuiuza Ulaya akakwama katika kanuni zao, maana hazikumjua ngamia. Mwaka 2013 matajiri wa Falme za Kiarabu ndio walioruhusiwa kupeleka maziwa yao ya ngamia huko. Mwenye nguvu mpishe!

Na Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2024 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa ngamia na jamaa zake. Hapa kwetu wangapi walisikia?

NGAMIA WETU WAKO WAPI?

Msomaji atauliza, sisi ngamia tunao? Tunao, ila wachache.

Pwani yetu ilimjua ngamia zamani. Unguja na miji mingine ya mwambao ngamia alifungwa kitambaa machoni akazungushwa kwenye kinu cha kukamua mafuta ya ufuta, kutwa nzima anazunguka pale pale akidhani anasafiri. Mara nyingine nikitazama sera zetu za mifugo namkumbuka ngamia yule wa kinu.

Kwa upande wa bara, mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wa kaskazini, Wamasai hasa, walianza kuwaleta ngamia kutoka Kenya. Mashirika ya misaada, likiwemo Heifer, yakasaidia kuwasambaza. Leo utawakuta sehemu za Longido, Simanjiro na Mwanga, na utawakuta Mkuru chini ya Mlima Meru wakiwapandisha watalii mgongoni. Mtalii anapiga picha, analipa dola, anaondoka. Sawa, fedha ni fedha.

Lakini tazama jinsi wakubwa wanavyofikiri. Mwaka 2009 ukame uliwaua ng'ombe wa Longido na Monduli kwa maelfu. Watu waliokuwa matajiri wa mifugo asubuhi walikuwa maskini jioni. Serikali ikawaonea huruma, ikaja na mpango wa kifuta machozi. Ikawapa nini? NG'OMBE! Mtu kafiwa na ng'ombe kwa kiu, unampa ng'ombe mwingine, katika nchi ile ile, kwa mvua ile ile. Mwishoni mwa mwaka 2021 na kuingia 2022 ukame ukarudi, mizoga ikazagaa tena Simanjiro na Longido, tukaoneshwa kwenye televisheni. Je, machozi yatafutwa mara ngapi kwa kitambaa kile kile?

Sisemi ng'ombe watupwe. Mmasai na ng'ombe wake ni mambo ya moyo, si ya kuamriwa kutoka Dodoma. Nasema mfugaji apewe nafasi ya kuchagua, na akichagua ngamia apate daktari wa mifugo anayemjua ngamia, apate dume bora la mbegu, apate mahali pa kuuzia maziwa. Husikika katika hotuba za bajeti ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, hata punda wanahesabiwa. Ngamia ni nadra kumsikia akitajwa. Usichokihesabu huwezi kukitunza.

Tena tuseme na ubaya wake, maana upande mmoja si habari. Ngamia hubeba mimba miezi 13 na huzaa takriban kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo kundi halikui haraka. Anashikwa na ukurutu. Anakufa kwa ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Akiingia shambani kwa mkulima analeta vita. Na bila ndama wake ubavuni mara nyingi hashushi maziwa. Ndiyo kusema huku kwetu pwani, kwenye unyevu na mbung'o, hakuna wa kumfuga. Anayekwambia atafungua zizi la ngamia Kongowe anakutania. Jangwani yetu ya Dar es Salaam haina ngamia, ina mafuriko!

Kwa hiyo jibu la swali la mzee wangu, na la akina mama wengi wa Mbagala na Bunju wanaouliza kama tuhamie kwenye ngamia, ni hili: haiwezekani kwa leo. Kutoka Longido hadi hapa ni zaidi ya kilomita 700. Maziwa machache yaliyopo yawafae kwanza watoto wa Longido, kisha yauzwe Namanga na Arusha. Yakija kufika Dar es Salaam kihalali, yatakuwa bidhaa ya mwenye nacho, si ya mlalahoi.

UBUNGO MAZIWA BILA MAZIWA

Basi tuulize swali lenyewe, maana ngamia ni moshi tu, moto uko kwingine. Kwa nini mtu wa Temeke au Kinondoni aanze kumtafuta ngamia wakati nchi yake imejaa ng'ombe?

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi kabisa barani Afrika. Hata hivyo wataalamu wanapotaja kiwango kinachofaa cha lita 200 za maziwa kwa mtu kwa mwaka, sisi hatujafika hata nusu yake. Na hiyo ni hesabu ya kugawanya kwa wote, yule wa Masaki mwenye friji mbili na yule wa Buza anayekunywa chai ya rangi. Chukua hesabu ya Buza peke yake uone!

Panda daladala upite Ubungo. Kuna kituo kinaitwa Ubungo Maziwa. Vijana wa leo hawajui kwa nini. Pale palikuwa na kiwanda cha maziwa cha shirika la umma, Tanzania Dairies Limited, lililoundwa katika miaka ya 1970. Shirika lilikuwa na viwanda vingine Arusha, Musoma, Tanga na Mbeya. Ni kweli kiwanda cha hapa kilitegemea sana maziwa ya unga na mafuta ya siagi ya msaada kutoka nje, tusiyapambe mambo. Lakini kilikuwepo, na mtoto alipata pakiti yake. Ikaja miaka ya 1990, ubinafsishaji ukapita kama upepo wa kusi. Vingine vikauzwa, vingine vikafungwa, popo wakahamia. Tumebakiwa na jina la kituo cha daladala.

Wakati huo huo nani alikuwa na maziwa mjini? Wakubwa! Mnaokumbuka mnakumbuka. Miaka ya 1980 mishahara ilipokwisha thamani, maofisa walianza kufuga ng'ombe wa kisasa nyuma ya nyumba za serikali, Oysterbay na kwingineko, wanalishwa majani ya kando ya barabara. Ikabidi ije kanuni ya kilimo cha mjini ya mwaka 1992, kwamba mtu asizidishe ng'ombe wanne, na wafugwe ndani. Siwalaumu kwa kufuga, njaa haina cheo. Nawalaumu kwa kuwa, baada ya kujua kwa mikono yao wenyewe kwamba ng'ombe wawili wanaweza kusomesha mtoto, hawakuijengea njia biashara hiyo ili na kabwela wa Chamazi apite.

Maana wafugaji wapo. Wapo Chamazi, wapo Mabwepande, wapo Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo. Anakamua alfajiri, anapakia madumu kwenye baiskeli au pikipiki, anapambana na jua na foleni na mgambo. Saa nne maziwa yameanza kuchacha. Mwingine, Mungu amsamehe, anaongeza maji ili hasara isimuue. Mama ananunua, hajui kilichomo, anachemsha na kusali. Chombo cha kupoozea kingekuwepo pale Kongowe na pale Bunju, nusu ya dhambi hizi zisingetendeka.

Na haihitaji miujiza. Pale Nronga, wilayani Hai, akina mama waliunda ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, wakakusanya, wakasindika, wakafikia hadi kuwapelekea watoto shuleni. Tanga wafugaji wadogo waliungana, na tangu miaka ya 1990 kiwanda chao wanachoshirikiana na wengine kinauza maziwa mpaka madukani Dar es Salaam. Hawa hawakungoja semina. Kumbe inawezekana! Kinachokosekana ni mkubwa wa kuona kwamba maziwa ya mtoto wa Tandika ni jambo la siasa kama lilivyo daraja na mwendokasi.

Tunayo Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004. Tunayo Bodi ya Maziwa. Tunayo Wiki ya Maziwa kila mwaka, inayofikia kilele Juni 1. Wakubwa wanavaa fulana nyeupe, wananyanyua glasi, kamera zinawaka. Siku ya pili glasi zinaoshwa, na kule Mbagala Rangi Tatu mtoto anakunywa uji wa chumvi.

TUNATAKA NINI?

Nisije nikaambiwa sisi wa upande huu kazi yetu ni kulalamika tu. Haya ndiyo tunayoyataka.

Kwanza, TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye dhamana ya usalama wa chakula, ishirikiane na Bodi ya Maziwa, watoke ofisini waje barazani. Watangaze kwa Kiswahili cha mtaani ni bidhaa zipi za maziwa ya ngamia zimesajiliwa na zipi hazijasajiliwa. Ile isiyo na kiwanda wala tarehe iondolewe. Wakikamata, wasiishie kwa kijana wa begi, wamfuate anayemjazia begi.

Pili, insulini isikosekane zahanati. Tapeli haingii pale penye dawa. Anaingia pale ambapo mgonjwa amechoka, amefilisika, na hana wa kumwuliza. Mzee wangu angekuta muuguzi wa kumsikiliza na dawa mezani, yule kijana angeuza maziwa yake kwa nzi.

Tatu, ngamia ahesabiwe na aingizwe katika mipango ya mifugo ya mikoa ya kaskazini. Ukame ukija tena, na utakuja, kifuta machozi kisiwe kumrudishia mtu kile kile kilichomliza.

Nne, wilaya za Dar es Salaam kama Temeke, Kinondoni, na zile zilizozaliwa kutoka kwao mwaka 2016, Ubungo na Kigamboni, ziwe na vituo vya kukusanya, kupima na kupooza maziwa ya wafugaji wadogo. Mgambo wanaomfukuza muuza maziwa wapewe kazi nyingine.

Tano, maziwa shuleni. Nronga wameweza, Temeke tushindwe?

Wewe msomaji nawe una kazi yako. Ukiletewa chupa, uliza imetoka wapi, imetengenezwa lini, nani kaikagua. Chemsha maziwa yote, awe mnyama gani. Ukiwa na kisukari na ukapenda kuonja maziwa ya ngamia ya halali, mwambie daktari wako, kunywa kama chakula, SINDANO USIACHE. Na anayekwambia uache, mwulize kama yuko tayari kuweka kidole chake cha mguu rehani.

Mzee wangu wa Charambe amerudi barazani. Ana fimbo sasa. Anajichoma asubuhi na jioni, na mjukuu wake ndiye anayemkumbusha saa. Juzi akaniuliza kama nilishawahi kumwona ngamia kwa macho. Nikamwambia bado. Akasema hata yeye bado, ila amekwisha kumlipa fedha nyingi.

Alamsiki.